Kijana wa Pumwani, apu yako ya kwanza iko Gikomba

Shule zikifungwa, vijana wa Majengo, Gorofani na Shauri Moyo wanaotaka kujifunza kutengeneza programu za simu huja na swali moja ambalo halikosi: nianze na lugha gani? Mmoja amesikia habari za Kotlin, mwingine Flutter, wa tatu ameambiwa na binamu yake aliye chuo kikuu kwamba asiyejua Java hajui kitu. Wanabishana juu ya vyombo hivi kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, na wengi wao hawajaandika hata mstari mmoja kwa chochote kati yavyo.

Swali hilo lina mahali pake, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: hiyo apu unamtengenezea nani? Jibu la "watu wote" halitoshi, wala "soko la Afrika". Anatakiwa mtu mmoja, anayekaa mahali unapoweza kufika kwa miguu, mwenye shida unayoifahamu kwa sababu umeiona ikimsumbua kwa macho yako. Ukishampata, lugha itajichagua yenyewe na masomo yatajipanga. Usipompata, utasoma kozi tatu hadi nusu, utaacha, na utaamini kwamba kazi hii ni ya watoto wa Kilimani na Lavington.

Kwa hili mtoto wa Pumwani ameanza mbele ya wengi. Mtaa huu ulipangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika wa Nairobi, na tangu hapo haujawahi kukosa watu wa biashara. Upande mmoja una Gikomba na mitumba yake, upande mwingine mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaogonga masufuria na majiko kutwa nzima, na hatua chache mbele ni Eastleigh. Kati yake iko Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ambako wamezaliwa Wanairobi wasiohesabika. Shida za hesabu, foleni, kumbukumbu na madeni zimejaa kila kona. Kijana wa mtaa wa matajiri anayetaka kutengeneza apu lazima aketi afikirie shida. Wewe zinakupita mlangoni zikisukumwa kwa mkokoteni.

Tuchukue belo la mitumba. Muuzaji wa Gikomba hununua belo likiwa limefungwa, aghalabu la kilo 45, bila kuona kilichomo. Akilifungua anachambua. Zile safi zisizo na doa wala mshono uliofumuka ndizo kamera, na wateja wenye jicho hufika alfajiri kuzigombania. Zinazofuata huuzwa bei ya kati. Zilizobaki mwishoni ni za fagia, za kutupwa kwenye turubai na kuitiwa wapita njia kwa bei ya chini kabisa. Kabla hajauza hata kipande kimoja ameshalipia belo lenyewe, ameshamlipa mwenye mkokoteni, na pengine ameshalipa ada ya siku. Anachotaka kujua si kingi: nguo moja imenigharimu kiasi gani, na hapa nilipofika, nimesharudisha pesa zangu au bado?

Hesabu hiyo anaifanya kichwani, na anaifanya vizuri. Lakini anaifanya huku akipigania bei na wateja wanne, na belo likiwa bovu hugundua hasara jioni, wakati haiwezi kurekebishwa.

Hiyo hapo ndiyo apu yako ya kwanza. Skrini moja, visanduku vitatu vya kujaza, kitufe kimoja, na mstari mmoja wa jibu. Tuseme belo ni Sh18,000, mkokoteni Sh300, na vipande vimehesabiwa vikawa 200. Mama muuzaji anabonyeza kitufe, skrini inamwambia kwamba kila kipande kimemgharimu Sh91.50. Hakuna kusajiliwa, hakuna neno siri, hakuna picha zinazocheza. Mwanafunzi anayeanza anaweza kuikamilisha kwa wikendi chache, na akishaikamilisha ana kitu ambacho wengi waliomaliza kozi ndefu hawana: apu inayofanya kazi kwenye simu ya mtu mwingine.

Mpe mama huyo simu, kisha unyamaze umtazame. Hapo ndipo shule inapoanza. Ataacha kisanduku cha usafiri bila kujaza kwa sababu leo amebebewa na mwanawe, na apu itajizima papo hapo, kwa kuwa uliiambia isome namba na haikukuta namba. Ataandika 18,000 na mkato wake, kama kila mtu anavyoandika, na apu itajizima tena, kwa kuwa kwake ule mkato si sehemu ya namba. Ataweka sifuri kwenye vipande kwa sababu bado hajahesabu, nawe utakumbuka kwamba mwalimu wa hesabu alisema hakuna kugawanya kwa sifuri. Jua la saa sita litapiga skrini, na ile rangi ya kijivu uliyoipenda usiku chumbani kwako haitasomeka. Kidole chake kitagusa visanduku viwili kwa pamoja kwa sababu ulivibana.

Kisha atakuuliza maswali, na kila swali lake ni somo. "Na hesabu ya belo la juzi nitaiona wapi?" Hapo utalazimika kujifunza kuhifadhi data, na utagundua kwamba kila simu ya Android tayari ina hifadhidata ndogo ndani yake iitwayo SQLite, isiyohitaji bando wala mtandao. "Nikiuza kamera 40 kwa mia tatu mia tatu, si unipunguzie hapo?" Hapo umefika kwenye orodha na vitanzi. "Na huyu aliyechukua kwa deni?" Sasa una jedwali la pili linalofungamana na la kwanza, jambo linalofundishwa vyuoni. Hukusoma mada hizi kwa sababu zimeandikwa kwenye silabasi. Umezisoma kwa sababu mtu anazingoja, na kinachosomwa hivyo hakisahauliki upesi.

Mfano mkubwa kuliko wa belo tunao hapa hapa Kenya. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 17, waliunda apu waliyoiita i-Cut. Kikundi chao kilijulikana kama The Restorers. Apu ilikusudiwa msichana aliye katika hatari ya kukeketwa: abonyeze kitufe kuomba msaada, kuripoti, kutafuta kituo cha uokoaji au kupata habari. Wao wenyewe walitoka katika jamii ambayo haina desturi hiyo, lakini walikuwa na mwenzao wa shule aliyekeketwa na hakurudi tena darasani. Agosti mwaka huo walisafiri hadi California, Marekani, kwenye fainali za mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 Bunge la Ulaya likawaweka miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, inayotolewa kwa watetezi wa haki za binadamu. Apu yenyewe haikuwa na maajabu ya kiufundi. Ilikuwa na vitufe vichache, na nyuma ya kila kimoja alikuwapo msichana waliyemfahamu.

Sasa tuje kwenye vyombo vya kazi, maana najua swali la lugha bado linakuwasha.

Kwa likizo ya kwanza, tumia App Inventor. Ilianzia Google mwaka 2010 kisha ikahamia chuo kikuu cha MIT, na haitozi senti. Unaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta, unaunganisha vipande vyenye rangi badala ya kuandika maneno, na kazi yako inatokea kwenye simu papo hapo. Wapo watakaokucheka kwamba huo ni mchezo wa watoto. Waache. Apu ya belo niliyoieleza inaweza kujengwa yote kwa App Inventor, pamoja na kuhifadhi hesabu za juzi. Utajifunza kufikiri kwa hatua kabla ya kupambana na nukta, mabano na alama za nukuu.

Likizo ya pili, hamia Kotlin. Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba ndiyo lugha inayoipa kipaumbele. Ina kozi ya bure ya wanaoanza, iliyotengenezwa na Google wenyewe, inayokushika mkono tangu mstari wa kwanza. Sababu yangu ya kuichagua ni ya mtaani kuliko ya kiufundi: angalia simu janja zilizo mikononi mwa watu kutoka Gikomba hadi Digo Road. Ni Tecno, Infinix, itel na Samsung, zote Android. Apu za iPhone hutengenezwa kwa kompyuta ya Mac, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa anayetaka kuziuza au kuzigawa kwenye duka lake. Hilo lisubiri siku mtu mwingine atakapolipia. Kama umeshaanza na Flutter na unaelewa unachofanya, baki hapo hapo, ni chombo kizuri. Kinachowamaliza wanafunzi ni kuhama. Wiki mbili hapa, wiki tatu pale, kila mara wakirudi kwenye somo la kwanza.

Kompyuta ndiyo kikwazo kikubwa, na sitaki kukipita juu juu, kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi za Eastlands hufia. Android Studio, programu inayotumika kuandikia Kotlin, ni nzito. Inataka kumbukumbu ya RAM ya GB 8 kwa uchache, na hapo bado inahema. Wazazi wakiamua kukununulia laptopu ya ex-UK kule Luthuli Avenue, usivutwe na jina la kampuni wala wembamba wa kifuniko. Uliza RAM ni ngapi na kama inaweza kuongezwa. Hakikisha diski ni SSD, si ile ya zamani inayozunguka, kwa maana tofauti yake utaihesabu kwa dakika kila unapoiwasha. Ichomoe chaja mbele ya muuzaji uone betri inakaa muda gani, kwa sababu stima za mtaani unazijua. Omba risiti yenye muda wa dhamana.

Usitumie ile simu ya kuigiza iliyo ndani ya Android Studio. Italemaza mashine ndogo. Tumia simu yako halisi kwa waya. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute namba ya toleo la mfumo, uigonge mara 7. Simu itakutangazia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, na menyu mpya itafunguka ambamo utaruhusu majaribio kupitia waya wa USB. Ni jambo dogo, lakini nimeona nyuso za vijana wakati ujumbe ule unapotokea, na ninaamini una kazi yake.

Kuhusu bando: mara ya kwanza unapojenga apu, Android Studio hupakua mafaili mengi kutoka mtandaoni, na bando la siku linaweza kuisha kabla hujaona kitufe chako kimoja. Fanya hatua hiyo mahali penye Wi-Fi, iwe saiba, shuleni kwa ruhusa ya mwalimu, au kwa jamaa. Mafaili yakishakuwa ndani ya mashine, iweke Android Studio katika hali ya kufanya kazi bila mtandao, na unaweza kuandika wiki nzima nyumbani bila kununua bando. Kozi nazo zipakue mapema pale panaporuhusiwa.

Na asiye na laptopu kabisa? Asikae kungoja. Kwa simu pekee unaweza kujifunza HTML, CSS na JavaScript ukitumia programu za bure za kuandikia msimbo, na ukurasa unaoutengeneza unaweza kuwekwa kwenye skrini ya simu ukafunguka kama apu nyingine yoyote, hata bila mtandao. Apu ya belo inawezekana kwa njia hiyo pia. Saa mbili za saiba kila Jumamosi zitumie kwa App Inventor, ukiwa umeshachora skrini zako kwenye daftari katikati ya wiki. Shuleni simu haziruhusiwi, na daftari halijawahi kupigwa marufuku. Chora kila skrini kwenye ukurasa wake, chora mshale kutoka kila kitufe, andika kando ni nini kinatokea mtu akikosea. Anayefika saiba na michoro hiyo humaliza mapema, na anayefika mikono mitupu huishia YouTube.

Mahali pa kukaa kwa utulivu pia ni sehemu ya vyombo. Chumba kimoja chenye watu sita si mahali pa kusomea. Ukivuka upande wa Jogoo Road kuna maktaba ya Kaloleni, na mbele kidogo ile ya Makadara. Zote mbili ni za kaunti na zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambalo pia limeshika kazi ya kufufua Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931. Ni za umma, na meza zake ni zako.

Utakwama. Si mara moja, na kukwama hakumaanishi kwamba huna akili ya kazi hii. Apu itakataa kujengwa na skrini itajaa maandishi mekundu ya Kiingereza, mistari hamsini na zaidi. Mwanafunzi anayeanza huogopa, hufuta kila kitu na kuanza upya. Usifanye hivyo. Katika mistari yote hiyo, tafuta ule unaotaja jina la faili uliloandika wewe, pamoja na namba ya mstari. Nenda kwenye mstari huo, na ule ulio juu yake. Mara nyingi utakuta umesahau kufunga mabano au umeandika jina la kigeu kwa herufi kubwa hapa na ndogo pale. Andika hitilafu hiyo na tiba yake kwenye daftari. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu chochote cha dukani, kwa sababu ni la makosa yako wewe.

Akili bandia nayo ipo, na haina maana kujifanya haipo. Kijana wa leo anaweza kuomba ChatGPT imwandikie apu nzima ya belo na akaipata kabla chai haijapoa. Itafanya kazi pia. Lakini mama wa Gikomba akiuliza, "Nimerudishiwa vipande vitano, niviweke wapi?", kijana huyo hatajua pa kushika, maana nyumba hakuijenga yeye. Ushauri wangu katika mwaka wa kwanza ni huu: iombe ikueleze, isikuandikie. Ibandikie hitilafu uliyoipata na uiulize inamaanisha nini. Iulize kwa Kiswahili ukipenda, inaelewa. Kisha funga dirisha hilo uandike marekebisho kwa vidole vyako. Wanaofanya hivyo huenda polepole kwa miezi mitatu na kisha huwapita wenzao, na nikiwa mwajiri, ningemchukua huyu wa polepole bila kusita.

Hesabu inayohitajika mwanzoni si ya kutisha: kujumlisha, kugawanya, asilimia, na kufikiri kwa "kama hivi, basi vile". Anayeweza kurudisha chenji sahihi kwenye matatu iliyojaa ana msingi wa kutosha.

Kuna jambo zito zaidi ambalo halifundishwi sana, nalo ni adabu ya data. Wakenya wengi wanakumbuka programu za mikopo zilizochukua namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, kisha mtu akichelewa kulipa, mkwe wake, bosi wake na imamu au pasta wake wakapigiwa simu kuambiwa. Familia ziliaibishwa. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Benki Kuu iwasimamie wakopeshaji hao, na kanuni zake zikatoka mwaka 2022. Lakini kumbuka kwamba kabla ya aibu ile kumfikia mkopaji, palikuwa na msanidi aliyeketi mahali akaandika mstari wa kuomba ruhusa ya kusoma namba za watu. Huenda alikuwa kijana mzuri. Huenda aliambiwa tu afanye. Wewe usiwe huyo. Apu ya belo haihitaji kujua mama yuko wapi, haihitaji picha zake wala namba za jamaa zake, basi usiziombe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, na Kamishna wa kuisimamia yupo. Sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua data ya mtoto, jambo la kukumbuka siku utakapotaka kuwatengenezea wanafunzi wenzako apu. Tabia hii ishike tangu apu ya kwanza, wakati hakuna anayekutazama.

Pesa? Najua mnaziwazia, na nyumbani zinahitajika. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilifungua njia ambayo apu nyingi za Kenya zinaipita leo, na Safaricom ina jukwaa liitwalo Daraja linalomruhusu msanidi kuunganisha apu yake na malipo hayo, likiwa na uwanja wa majaribio usiotumia pesa halisi. Kampuni ya Africa's Talking ya hapa hapa Nairobi nayo ina uwanja wa namna hiyo wa kujaribu ujumbe mfupi na zile menyu za nyota na reli, ambazo hata mtu mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, anaweza kuzitumia. Zichezee, ujifunze. Lakini usiahidi mtu yeyote nyumbani kwamba apu italipa kodi ya nyumba mwakani. Kinacholipa, na hulipa vizuri baadaye, ni ujuzi ulioachwa kichwani baada ya apu tano zilizokamilika.

Kuhusu Play Store, haraka ya nini? Ada ya kujisajili ni dola 25, hulipwa mara moja, ila mwenye akaunti lazima awe na miaka 18. Juu ya hilo, tangu mwisho wa mwaka 2023 Google inawataka wenye akaunti mpya za binafsi kuwa kwanza na kundi la watu wa kuijaribu apu kwa siku 14 mfululizo. Walianza kwa kudai watu 20, baadaye wakapunguza hadi 12. Vijana hulalamika, ila mimi nalipenda sharti hilo. Asiyeweza kupata watu 12 katika Pumwani nzima wa kutumia apu yake kwa wiki mbili bado hajatengeneza kitu cha kuweka dukani. Kwa sasa hamisha faili la apu kutoka simu yako hadi ya mama ukiwa umesimama naye. Simu itamwonya kwamba programu hii haikutoka dukani. Mweleze kwamba onyo hilo ni la kweli, na kwamba faili la namna hii likiletwa na mtu asiyemjua kupitia WhatsApp, asilifungue kamwe.

Kwenu wazazi na walezi, nina ombi. Mtoto aliyekodolea laptopu macho kwa saa tatu si lazima awe anacheza. Mwombeni awaonyeshe anachotengeneza, na akionyesha, msiulize kwanza italeta pesa ngapi. Ulizeni inafanya nini. Mpeni zamu ya kutumia meza. Na binti apewe saa zile zile anazopewa kaka yake. Katika nyumba zetu nyingi, kijana wa kiume akisema anasoma anaachwa, msichana akisema hivyo anaitwa jikoni. Shirika la AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wa fani hii, limewafunza wasichana wengi kutoka familia zisizo na uwezo hadi wakaajiriwa, na Technovation hupokea wasichana wa miaka 8 hadi 18 bila ada, katika vikundi. Nafasi zipo, na msichana atazifuata akiruhusiwa kutoka nyumbani Jumamosi asubuhi.

Vitabu na kozi za bure zimejaa. Silabasi ya kodingi kwa shule za msingi na sekondari iliidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, mwaka 2022. Kinachopungua Pumwani ni mtu wa kuuliza. Kijana wa miaka 15 anaweza kukaa siku nne na hitilafu ambayo mwenye uzoefu angeiona kwa sekunde kumi, na siku ya tano anaacha. Anaacha kimyakimya, bila kumwambia mtu, na mtaa unapoteza fundi ambaye haukujua unaye.

Watu wa kuuliza, hata hivyo, wapo jijini. Mwaka 2022 pekee Microsoft ilifungua ofisi zake mpya za uhandisi Nairobi, na Google ikatangaza kituo chake cha kwanza cha kubuni bidhaa barani Afrika hapa hapa. Katika ofisi hizo na nyingine za Westlands, Kilimani na Upper Hill wanakaa wasanidi waliokulia mitaa ya Majengo, California, Kaloleni na Ziwani, waliosoma kwa mshumaa na wanaijua njia hii hatua kwa hatua. Kwenu ninyi naomba Jumamosi moja kwa mwezi. Rudini mtaani, ombeni meza kwenye maktaba, madrasa au ukumbi wa kanisa, njooni na laptopu zenu na waya wa ziada wa stima, mkae saa tatu na vijana wanaokwama. Hamhitaji mfadhili, barua ya kaunti wala fulana zilizochapwa majina. Mwambieni tu mwenye ukumbi mtakuja lini, na mfike siku hiyo.